Kahawa ya Kumtoa Baba kwenye Moshi

Desemba 7

Mwalimu Vumilia, anayetufundisha Kiswahili, ametutaka kila mmoja aandike shajara ya likizo. Alisema hatazikusanya wala kuzisahihisha, tuandike tu ili baadaye tujue tulikuwa wapi. Mimi nipo Nyarugusu, nyumbani.

Nimefika saa tisa alasiri kutoka Shinyanga. Stendi ilikuwa tope tupu. Baba alikuja kunipokea, Mama yuko nyuma yake. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakupokea sanduku langu. Mikono yake ilikuwa mifukoni mwa koti na haikutoka. Sanduku alilibeba Mama kichwani, na Baba akatangulia akiniuliza habari za mitihani.

Nyumbani nimekuta habari kubwa. Mama Gregory, yule mwenye maduka Geita mjini, anafungua mgahawa. Anataka wateja wapate espreso na kapuchino, na amesikia kwamba zamani Baba ndiye aliyekuwa akiwapikia kahawa wahandisi kwenye kantini ya mgodi. Anatafuta mtu wa kumchagulia kahawa na kusimamia mashine. Januari 4 atakuja hapa nyumbani kuonja. Ikimpendeza, kazi ni ya Baba.

"Kwa hiyo nitaacha kuchoma," alisema Baba. Alisema kawaida tu, kama mtu anayesema ataacha kuvaa koti. Mama aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika kitu.

Desemba 8, Jumapili

Niandike vizuri, ili nikisoma siku nyingine nielewe.

Kampuni iliyokuwa ikiendesha kantini ilipobadilishwa, Baba alikosa kazi. Nilikuwa darasa la pili. Mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia mashine yake ndogo ya espreso. Mashine hiyo iko sebuleni hadi leo, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama. Maji ya moto husukumwa kwa nguvu kupita kwenye kahawa iliyosagwa na kushindiliwa, ukapata kikombe kidogo kizito chenye povu la rangi ya asali. Babu yangu aliuza kahawa chungu Tabora kwa birika la shaba, na Baba husema mashine ile ni birika la Babu lenye haraka.

Baada ya kantini, Baba alianza kuchoma dhahabu kwenye chumba cha nyuma cha duka la Maganga, mnunuzi wa dhahabu. Wachimbaji huchanganya mchanga na zebaki ili zebaki ishike dhahabu. Donge lile huletwa kwa Baba, naye hulichoma mpaka zebaki iondoke kwa moshi. Dhahabu hubaki kwenye sufuria. Moshi huenda unakokwenda.

Mwaka huu tumesoma zebaki kwenye Kemia. Mwalimu alipotaja mikono kutetemeka, niliacha kunakili ubaoni.

Desemba 10

Mvua tangu alfajiri. Nimeosha mashine kwa siki na maji mpaka ikaacha kutoa chokaa.

Desemba 11

Chacha, kondakta wa basi la Karagwe, ametuletea kahawa ya robusta, mbichi. Baba aliimwaga kwenye ungo, akaanza kunifundisha namna ya kuchagua. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Usinunue ya unga. Kahawa iliyosagwa ni soda iliyofunguliwa."

"Na zile punje zilizokaangwa zinazong'aa mafuta?"

"Ama zimeungua ama zimezeeka. Punje ya espreso iwe na rangi ya mbao ya mninga, na mafuta kidogo sana, kama uso wa mtu aliyetoka kutembea."

"Muuzaji akisema ameikaanga leo leo?"

"Mshukuru, kisha uiweke siku nne au tano. Ikitoka motoni ina hewa nyingi. Ukiitia kwenye mashine siku hiyo hiyo itakupa povu tupu, kama mgombea udiwani."

Mama alicheka kule jikoni. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nifike.

Tulikaanga kwenye kikaango chenye uzi mwekundu kwenye mpini. Hapa kwetu nyumba nyingi zina kikaango kilichowahi kuchomea dhahabu, na ukikosea ukakaangia karanga umejilisha sumu. Ndiyo maana Mama alifunga uzi kwenye kile safi. Baba alikoroga kwa mwiko mrefu. Mwiko ulikuwa ukigonga ukingo wa kikaango, tik tik tik, hata pale ambapo hakukusudia kukoroga.

Desemba 12

Nimepata mafua. Sitaonja kitu mpaka pua ifunguke.

Desemba 15, Jumapili

Leo Baba hakwenda kazini, na kahawa za arabika, moja ya Mbozi na moja ya Kilimanjaro, zilikuwa zimefika tangu Ijumaa. Zote zilikuja zikiwa zimekaangwa, na tarehe imeandikwa kwenye mfuko. Baba alisema, "Tuzipime kama sampo." Ndivyo wanavyofanya wachimbaji: kila jiwe linatwangwa peke yake na kuoshwa peke yake, halafu wanalinganisha kilichobaki kwenye karai. Tulizipanga mezani, nikaweka vipande vya karatasi: moja, mbili, tatu.

"Onja kwanza wewe," alisema kila mara. "Ulimi wako ni mpya."

Nilionja ya Karagwe. Nzito, chungu, povu lake linakaa mpaka unamaliza. Baba akaonja baada yangu, akasema, "Ina nguvu lakini haina adabu." Nilionja ya Mbozi. Tamu, ina uchachu mdogo kama wa ndimu iliyoiva, lakini nyepesi. Baba akasema, "Hii ina adabu, haina nguvu." Ya Kilimanjaro ilinichachua mpaka nikafumba jicho moja. "Hiyo ya wageni," akasema, tukacheka.

Basi tukachanganya, Mbozi vijiko vitatu na Karagwe kijiko kimoja. Nilionja, na nadhani uso wangu ulifunguka wenyewe. Baba alipokea kikombe kwa mikono miwili. Nusu ilimwagika kwenye kisahani, akanywa iliyobaki, akafumba macho.

"Karanga," alisema. "Karanga, halafu asali."

Na ilikuwa hivyo hasa. Nalala na furaha.

Desemba 17

Tumejaribu na maziwa. Kwa kapuchino mchanganyiko unataka Karagwe zaidi, la sivyo maziwa yanaimeza kahawa. Vijiko viwili kwa viwili ni vingi mno. Bado natafuta.

Desemba 19

Mama hukausha juani machicha ya kahawa na kuyaweka kwenye kopo kwa kusugulia sufuria. Kopo hilo limefanana na kopo la kahawa yetu iliyosagwa.

Baba alirudi mapema, nikataka kumpa kikombe kabla hajavua viatu. Nilijaza na kushindilia, nikawasha mashine, na papo hapo mvua ikaanza. Nikakimbia kuanua nguo. Niliporudi Baba alikuwa amekwisha kunywa.

"Leo umepatia," alisema. "Karanga, halafu asali."

Nilifurahi. Nilipokwenda kuosha kichujio nikaona kopo nililochota. Lilikuwa la machicha.

Ndani ya kikombe kulibaki tone. Nilionja. Lilikuwa maji ya majivu.

Desemba 20

Mvua. Sina la kuandika.

Desemba 21

Leo tulikuwa tunachambua mchele, mimi na Mama, kwenye baraza ya nyuma. Nilimwambia habari za machicha. Nilidhani atashangaa, lakini aliendelea kutoa mawe.

"Tangu Ramadhani," alisema. "Nilisahau sukari kwenye uji wa futari. Akanywa, akasema mtamu. Nikajua."

"Mbona basi huwa anasema kweli? Nikipika kahawa mbaya anaijua. Ile ya Kilimanjaro aliijua."

"Ulionja kabla yake?"

"Ndiyo."

"Ukakunja uso?"

Nilikumbuka jicho langu moja nililofumba.

"Hata chumvi ya mboga huijua kwa kuniangalia mimi," alisema Mama. "Mwezi wa saba alikwenda hospitali. Daktari alimwambia aache moshi, hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Akarudi, akaniuliza, 'Nikiacha moshi, Safiya atasoma kwa pesa gani?' Wewe nijibu, mwanangu. Mimi nilishindwa."

Tuliendelea na mchele mpaka ukawa hauna hata jiwe moja, na bado tukaendelea.

Desemba 25

Tumekula Krismasi kwa mjomba Makoye, kaka yake Mama. Nilimtazama Baba mezani. Kabla ya kusema lolote kuhusu pilau alipitisha macho kwenye nyuso za watu wote, mmoja mmoja, kama mtu anayesoma. Kisha akasema, "Shemeji, leo bizari imezidi kidogo." Wote wakakubali, wakamsifu kwa ulimi wake. Mimi nilitoka nje nikasema naangalia mvua.

Desemba 27

Leo nimemwambia.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda akipanguza mashine, akijifanya anaipanguza, kwa kuwa kitambaa kinaficha mikono.

"Baba, kahawa ya siku ile ya mvua, uliyosema karanga na asali. Yalikuwa machicha."

Alicheka. "Machicha gani?"

"Ya Mama, ya kusugulia sufuria."

Kicheko kikabaki mdomoni lakini macho yakaacha kucheka. "Kumbe siku ile hukuwepo," alisema polepole. "Ulikwenda kuanua nguo." Kisha akauliza, "Tangu siku hiyo unajua?"

"Ndiyo."

"Na umeendelea kunipikia."

"Na wewe umeendelea kusifia."

Aliweka kitambaa chini. Mikono yake ikabaki wazi magotini. Nadhani hakuwahi kuiacha wazi mbele yangu tangu nifike. Ilikuwa ikitetemeka kama majani ya mwarobaini, kidogo kidogo, bila kupumzika.

"Kila kitu kina ladha ya msumari," alisema. "Maji, wali, hata mate yangu mwenyewe. Kahawa ni msumari wa moto, basi."

Nilikuwa nimeshapanga la kusema, nikalisema lote kwa mara moja. Siku ya Mama Gregory mimi ndiye nitakayepika, kwa sababu ya mikono yake. Nitaonjea jikoni. Nikileta sinia, kikombe kizuri kitakuwa kimegeuzwa mkono wake wa kushikia kulia, na vingine kushoto. Yeye atakachofanya ni kuonja na kusema.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Unajua matapeli wa huku wanavyouza eneo? Wanachukua jiwe ambalo halina kitu, wanapandikiza vumbi la dhahabu kwenye nyufa zake. Mnunuzi anatwanga sampo, anaona inang'aa, analipa. Halafu anachimba mwaka mzima. Maganga alichimba mwaka na nusu huko upande wa Kharumwa. Sasa wewe unataka kunipandikiza mimi."

"Lakini kahawa yetu ni nzuri kweli, Baba. Dhahabu ipo. Mimi naonyesha tu ilipo."

"Januari utaonyesha. Februari uko shule, Mama Gregory ananiletea gunia nichague. Nitalichagua kwa uso wa nani?"

Hilo nilikuwa sijalipanga. Nikasema, "Februari utakuwa umekaa wiki nyingi bila moshi. Huenda ulimi ukarudi."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza sikujua anasoma nini usoni mwangu.

"Huenda," alisema. Mvua ikapita juu ya bati, ikaisha. "Haya. Mkono wa kulia."

Desemba 30

Jana na leo tumekaanga. Mbozi tumeipata mbichi safari hii, ili tuikaange wenyewe, na tumeanza sasa ili siku ya tarehe nne iwe imepumua. Jana mimi nilikaanga kwa macho, nikiangalia rangi. Nyuma ya kibanda cha jiko kuna giza siku za mvua, nikaunguza.

Leo Baba alisema, "Acha kutazama. Nipishe." Akakaa karibu na jiko, akainamisha kichwa, mimi nikakoroga. Kwanza punje zilinyamaza. Halafu zikaanza kupasuka kama bisi, moja hapa, mbili pale, kisha nyingi pamoja, kisha zikatulia.

"Huo mlio wa kwanza," alisema. "Ukitoa sasa, utapata uchachu. Subiri."

Nikasubiri. Sikusikia kitu.

"Unakuja wa pili. Si kama bisi, ni mdogo, kama mtu anayekanyaga majani makavu kwa mbali. Bado. Bado. Toa."

Nikamwaga kwenye ungo, tukapepeta. Nilipotazama rangi mlangoni penye mwanga, ilikuwa mbao ya mninga, punje zote sawa, hakuna hata moja iliyozidi. Nilikuwa sijasikia ule mlio wa pili.

"Umejuaje?" niliuliza.

"Kantini nilikokaanga kulikuwa na kelele. Ukiujua mlio kwenye kelele, kwenye ukimya unakuja wenyewe." Akaongeza, bila kunitazama, "Masikio hayajaondoka."

Januari 1

Mama amefua kitambaa cha mashine. Amekipiga pasi mara mbili.

Januari 3

Kesho. Mchanganyiko wa mwisho: Mbozi vijiko vitatu, Karagwe kimoja, kwa kikombe kisicho na maziwa. Kwa maziwa, Karagwe kimoja na nusu. Kahawa iwe laini kama chumvi ya mezani, isiwe vumbi. Itoke kwa sekunde ishirini na tano hadi thelathini, kama uzi wa asali, usiokatika. Nimeyakariri kama dua.

Januari 4, Jumamosi

Nitaandika yote.

Mama Gregory alikuja saa nne na mvua. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, aliyevaa viatu vya mvua na hereni za dhahabu. "Mwangaluka, Baba Safiya," alisalimu kwa Kisukuma kutoka mlangoni, na Baba akajibu na kumkaribisha. Nilimwamkia, akanishika kidevu. "Huyu ndiye msomi? Kidato gani, mayu?" Mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Naingia cha nne."

"Haya. Msipoteze akili zake kwenye kahawa."

Nilimpikia mchanganyiko wetu jikoni, tulikokuwa tumehamishia mashine. Alinusa kwanza, akanywa kidogo, akaweka kikombe, akakichukua tena. "Baba Safiya," alisema, "mimi nimekunywa hii kitu Mwanza na nimeinywa Dar. Sijawahi kuinywa ikanyamaza mdomoni hivi." Nikampa na ya maziwa. Akamaliza. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, na niliona mabega yake yakishuka.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Mama Gregory akafungua mkoba wake, akatoa mifuko mitatu ya karatasi.

"Hii nzuri ni yako," alisema. "Mimi sitapika ya kwako, nitapika ya kununua. Wauzaji watatu wameniletea, kila mmoja anaapa. Nichagulie moja niweke oda leo."

Baba alinitazama. Nami nikaenda nayo jikoni.

Ya kwanza ilikuwa imeungua, nyeusi tii, inang'aa. Ya pili ilikuwa na rangi nzuri kuliko zote lakini haikutoa povu kabisa, na ladha yake ilikuwa ya boksi lililonyeshewa. Ya tatu ilikuwa hai. Nilitaka kucheka kwa furaha, maana ilikuwa rahisi. Nikapika vikombe vitatu, nikavipanga kwenye sinia kwa utaratibu wa mifuko. Cha kwanza na cha pili mikono kushoto. Cha tatu mkono kulia.

Niliweka sinia mbele ya Baba.

Alilitazama. Najua aliona, kwa sababu alitabasamu kidogo kwa upande mmoja, kama anavyotabasamu nikileta ripoti ya shule. Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili, mbele ya mgeni, ikitetemeka hivyo hivyo, akakishika kikombe cha tatu na kukigeuza. Kahawa ikamwagika. Akakinyoosha cha pili pale pale kilipo, akakinyoosha na cha kwanza. Visahani vikawa vinalia. Alipomaliza, mikono ya vikombe vyote ilikuwa imeelekea upande mmoja, kushoto.

"Mama Gregory," alisema, "nikuombe radhi. Mimi siipati ladha. Nina karibu mwaka. Uliyokunywa imechaguliwa na huyu binti. Mimi nimemfundisha tu."

Mama Gregory alitazama mikono ya Baba, kisha sinia, kisha mimi.

"Ni kazi ya kuchoma?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Pole, kaka yangu." Akanigeukia. "Haya wewe, mayu. Ipi?"

Nilisema ya tatu, nikaeleza sababu. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayejibu swali la mtihani uliokwisha kukusanywa. Nilipofika kwenye boksi lililonyeshewa, akapiga paja.

"Hiyo ya pili naijua. Imekaa stoo tangu mwaka juzi. Nimekuja nayo makusudi, nione kama kuna atakayeisifia." Kisha akamgeukia Baba. "Basi Baba Safiya, nipe huyu. Atalala kwangu, atakula kwangu, namlipa kama mtu mzima. Mwaka mmoja. Halafu anarudi shule yake."

"Mama Gregory," alisema Baba, "mwaka mmoja huwa haurudi."

"Baba, mimi nataka," nilisema. Sikuwahi kuingilia mazungumzo ya wakubwa, lakini nilisema. "Mwaka mmoja tu. Wewe utaacha kuchoma."

"Najua unataka."

"Utapona."

"Safiya. Toa vikombe."

Nilivitoa. Jikoni nilisimama na sinia mikononi na sikujua pa kuliweka. Nilimsikia Mama Gregory akisema atatafuta mtu Mwanza, na kwamba hataki tumchukie. Baba akajibu, "Tukuchukie kwa lipi? Umekuja na mvua, umekunywa, umesema kweli." Gari likaondoka.

Angefaulu. Hilo ndilo ninaloliandika la mwisho. Ule mtego wa kahawa ya stoo angeuruka. Nilikuwa nimemgeuzia kikombe chenyewe.

Januari 5

Jumapili, lakini Baba amekwenda kazini. Kuna donge kubwa.

Januari 6

Leo asubuhi sikumwamkia Baba. Ni mara ya kwanza maishani mwangu. Alipita karibu yangu akiwa amevaa koti, akasubiri kidogo. Kisha akasema, "Marahaba," akatoka.

Januari 7

Sijapika kahawa. Mashine imefunikwa.

Januari 9

Mama amenikuta nikilia nyuma ya kibanda cha jiko. Alikaa kwenye kuni zilizolowa, na yeye hapendi kulowesha kanga.

"Nilimuuliza," alisema. "Nilimwambia, ulikubaliana na mtoto, kwa nini ukageuza vikombe? Akasema alipoona ule mkono wa kulia aliona mwaka mzima. Gunia likija, utaitwa. Mgeni mkubwa akija, utaitwa. Utasema ni likizo tu, halafu utasema ni wiki moja tu. Akasema, 'Nikila kwa uso wake, nitamla yeye.'"

Nilimwambia Mama kwamba ningekubali kuliwa. Akasema, "Ndiyo aliyokuwa anaogopa."

Nilikuwa nimeamini Baba alichagua ukweli na kutuacha sisi. Sasa sijui tena. Sijamsamehe, lakini nimeacha kujua kwa nini simsamehe.

Baada ya swala ya alasiri nilimwandikia Mama Gregory barua, nikampa Chacha aipitishe Geita. Nilimweleza kuhusu kukaanga. Kwamba Baba hujua punje zimefika kwa kusikiliza mlio wake tu, kwamba mwenye ulimi anaweza kuwa mtu mwingine yeyote, na mwiko unaweza kushikwa na mtu mwingine yeyote, lakini sikio lile hatalipata Mwanza. Sikumwambia Baba.

Januari 11

Hakuna jibu. Chacha anasema alimkabidhi mkononi.

Nimefunga sanduku. Kesho basi linaondoka saa mbili asubuhi.

Januari 12, Jumapili

Naandika ndani ya basi, naomba radhi kwa mwandiko.

Niliamka saa kumi na mbili nikamkuta Baba amekwisha kuwasha jiko. Kikaango chenye uzi mwekundu kilikuwa juu. Nilisema, "Shikamoo, Baba." Akasema, "Marahaba, mwanangu," kama vile hakuna siku iliyopita kati yetu. Akanipa mwiko.

Nilikoroga. Mvua ilikuwa imesimama, na hapakuwa na sauti isipokuwa kuku na punje. Mlio wa kwanza ukaja, ukapita. Nilitega sikio kwa nguvu zangu zote. Sijui kama nilisikia au nilitaka kusikia, lakini nilipofungua mdomo niseme, yeye akasema, "Toa," na mimi nilikuwa tayari nimeinua.

Hiyo imefungwa kwenye kopo, niinywe shuleni baada ya wiki, nikipata maji ya moto. Kisha nikapika vikombe viwili vya mchanganyiko wetu, wa mwisho uliobaki. Nilionja changu. Baba hakunitazama. Alikuwa ameelekeza uso nje, kwenye uwanja uliojaa maji.

"Ikoje?" aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza hivyo. Siku zote alikuwa anajibu.

"Mwanzoni ni tamu," nilisema. "Halafu uchungu kidogo, kama ganda la chungwa. Hauumi. Mwishoni karanga. Asali haipo leo, imepungua kwa sababu kahawa imeanza kuzeeka."

Alikubali kwa kichwa, taratibu, kila neno. Kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, hakuacha tone, kama mtu aliyeambiwa habari za nyumbani kwao.

"Basi niliikaanga sawasawa," alisema.

Akachukua koti. Hakuja stendi. Alisema akichelewa Maganga atampa mtu mwingine donge. Sanduku tulilibeba mimi na Mama, huku na huku.

Kutoka stendi unaona bati la nyuma la duka la Maganga. Dereva aliwasha gari, akazima, akasubiri abiria. Saa mbili na dakika kumi moshi ukaanza kutoka. Mama alisimama akiupa mgongo, ananitazama mimi tu, na mimi nikautazama uso wake mpaka basi likakata kona.